Lami Laini Kwenye Malka

Jumatatu, 20 Januari

Boza la lami, lile lori la tangi, limechelewa tena. Limefika jua likiwa utosini, dereva anatafuna majani ya muguka kama hajui anasubiriwa. Tumenyunyiza ile lami nyepesi iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo murram, ule udongo mwekundu wa barabara, huinywa kwanza kabla ya kitu kingine kuwekwa juu. Kipande chote cha mwisho, mpaka karibu na kwetu. Kesho ikauke. Mtu asiikanyage.

Nguo zangu zinanuka kibatari. Mama amenizuia mlangoni, nimezivulia uani kama mtoto.

Miaka yote hii nimeweka lami kwa watu. Voi, Mariakani, Lamu. Hii ndiyo ya kwanza inayofika kwetu. Kahindi, dereva wa rola ya kushindilia, anasema mimi nyapara wao nimekuwa mkali kuliko kawaida. Ni kweli. Nataka iwe safi.

Jambo moja linaniwasha. Mchoro unasema barabara yetu ni ya kokoto kutoka Minjila mpaka mwisho. Unanyunyiza lami, unamwaga kokoto juu, unashindilia, umemaliza. Lami ya maskini. Barabara kuu inapata lami ya moto, iliyopikwa kiwandani, laini kama meza. Sisi tunabandikiwa vijiwe.

Jumatano, 22 Januari

Nimemwendea Injinia. Nimemwambia pale bondeni, kwenye malka, kokoto hazitadumu. Malka ni njia ya ng'ombe wa wafugaji Waorma kushukia mtoni. Inapita katikati ya mashamba yetu Wapokomo, na shamba la Mama ndilo la kwanza mkono wa kulia. Barabara mpya inaikata malka hapo hapo penye bonde. Mto ukifurika, maji hupita hapo. Nimemwambia yatabandua kokoto zote mwaka wa kwanza, kwa hiyo hapo tuweke lami ya moto. Ipo iliyobaki kwenye kazi ya barabara kuu.

Niliyosema ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba nataka laini.

Injinia ni mtu wa bara, mpole, hasemi mengi. Ameuliza jambo moja tu: na ng'ombe? Nimejibu kabla hajafunga mdomo. Ng'ombe wa huku hupita popote, mimi ni mwenyeji, nawajua. Akaandika kwenye mchoro kwa kalamu nyekundu.

Nimerudi nikiimba.

Ijumaa, 24 Januari

Leo ndiyo leo.

Lori limefika limefunikwa turubai, moshi unafuka pembeni. Lami ya moto haimngoji mtu. Ikipoa ndani ya lori umeliwa. Tumeitandaza bila kupumzika, jua juu, moto chini. Soli ya buti langu la kushoto imelainika. Kahindi amepita na rola mpaka nikaridhika, kisha nikamwambia arudie. Akasema inatosha, mafuta ya lami yameanza kupanda juu. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Jioni ilikuwa imepoa. Nyeusi tii, inang'aa. Wanawake waliokuwa wakitoka mtoni na ndoo walifika pembeni, wakavua ndala, wakavuka pekupeku kama wanaoingia nyumba ya mtu. Nilicheka mpaka machozi. Dukani nimemwambia kila aliyenisikiliza kwamba mchoro ulikuwa wa kokoto, hii nimeiomba mimi. Nimemwambia na mwenye duka. Nimemwambia na mtu wa bodaboda ambaye hakuuliza.

Kipande kidogo tu. Ukitembea polepole unakimaliza kabla hujamaliza kusalimiana na mtu. Lakini ni chetu.

Jumapili, 26 Januari

Kanisani watu wamenipa mkono. Mchungaji ametaja barabara kwenye maombi.

Mchana mke wa Abba Dulo, yule mzee Muorma mwenye ng'ombe, ameleta kibuyu cha maziwa. Hivyo ndivyo ilivyo kila kiangazi, tangu babu yangu akiwa na lile shamba. Nyasi zikiisha kule bara, mbali na mto, siku moja kabla ya ng'ombe wa Abba Dulo kushuka malka mara ya kwanza, kibuyu huja kwa Mama. Ndiko kuomba njia. Mvua ikianza na ng'ombe wakirudi bara, kibuyu hurudishwa kikiwa na mchele. Hakirudi kitupu. Hata mwaka ule mbaya, watu wa pande zote mbili walipokuwa hawasalimiani, kibuyu kilikuja na kikarudi. Ng'ombe hawagusi mahindi. Na mahindi yakishavunwa, wanaachiwa mabua.

Maziwa yana harufu ya moshi. Nimekunywa vikombe viwili.

Mama ametoka kwenda kuitazama lami. Amezunguka, ameinama, ameigusa kwa kiganja. Amesema imependeza. Kisha amesema tumwage udongo kidogo juu, wa samadi kutoka boma la ng'ombe, ng'ombe waone ni njia yao ile ile.

Nimwage samadi juu ya lami ya moto! Nimemwambia Mama, hii si sakafu ya jikoni.

Amecheka kidogo. Akarudi ndani.

Jumatatu, 27 Januari

Buree ameanguka.

Nataka niandike ilivyokuwa, nisije nikaisimulia vingine baadaye.

Boza letu la maji lilikuwa limetoka mtoni asubuhi, likapita pale likidondosha maji njia nzima. Lile boza linavuja tangu Desemba na kila siku nasema litengenezwe. Jua likapanda, lami ikatoa mafuta yake juu. Maji na mafuta. Ilikuwa kama sahani.

Ng'ombe walikuja saa nne. Walifika ukingoni mwa lami wakasimama. Wote. Hawajawahi kuona kitu cheusi namna ile kimelala kwenye njia yao. Wa nyuma walisikia harufu ya mto, wakasukuma. Buree ndiye anayeongoza, yule jike mzee wa madoa, na kila mtu huku anamjua kwa jina. Alinusa. Akaweka mguu mmoja. Akaweka wa pili. Alipofika katikati miguu ya nyuma ikaachana, mmoja huku, mmoja kule, akakaa chini kama mtu. Nilikuwa nimesimama karibu na rola na nikasikia nyonga ikivunjika. Ni sauti ya mti mkavu.

Akajaribu kuinuka. Akateleza tena. Hakulia. Afadhali angelia.

Waliobaki wakageuka kulia, wakaingia shamba la Mama. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba. Sasa hakuna shamba, kuna uwanja.

Abba Dulo alikuja anakimbia, mtu wa umri ule. Alimshika Buree kichwa, akamwambia kitu kwa Kiorma, taratibu, kama anayembembeleza mgonjwa. Kisha akaomba kisu. Wakamwelekeza kibla, wakamchinja hapo hapo asije akafa mzoga. Damu ikaenda mpaka mtaroni.

Nilisimama na koti langu la njano lililoandikwa USALAMA mgongoni. Abba Dulo alinipita, akasema, "Pole kwa kazi, binti." Ndivyo tunavyosalimiana siku zote. Hakubadilisha hata neno.

Jumanne, 28 Januari

Wameleta nyama. Paja zima, kwa Mama, kwa ajili ya mahindi. Mke wa Abba Dulo mwenyewe, na beseni kichwani.

Mama ameipika na kuigawa kwa majirani. Yeye hakula. Mimi nilikula kipande kimoja. Nilikuwa na njaa. Najichukia.

Jioni nimekwenda kumwaga udongo pale, kama alivyosema Mama. Ndoo kwa ndoo, kutoka bomani. Hakuna ng'ombe aliyekuja kuukanyaga.

Alhamisi, 30 Januari

Baraza kwa Chifu. Nimekaa nyuma.

Ilikuwa imeshaanza kuwaka. Vijana wa kwetu wanataka mahindi yalipwe. Vijana wa kule wanasema na ng'ombe alipwe, tena alikuwa na mimba. Sikujua alikuwa na mimba. Wengine wamekuja na fimbo ambazo hazikuwa za kuchungia. Sisi wa huku tunajua jambo dogo hukua vipi. Linaanza na bua la mhindi.

Mama amesimama. Hajawahi kusema barazani, mama yangu, ni mtu wa kunong'ona hata nyumbani. Amesema hadai kitu. Mahindi hupandwa tena. Kisha akaketi akajifunika kanga.

Abba Dulo naye amesema hadai. Ng'ombe kaanguka, ndiyo siku yake ilikuwa hiyo.

Chifu akashukuru. Watu wakapumua. Kisha watu wakatafuta wa kulaumu, maana baraza halifungwi bila lawama. Kampuni. Serikali. Watu wa Nairobi wanaochora barabara bila kujua malka ni nini. Wamesema sana. Na kila aliyesema alikuwa anatazama chini. Wote wanajua nani aliiomba lami ile. Niliwaambia mwenyewe, mmoja mmoja, pale dukani. Hakuna aliyenitaja.

Nilitaka nisimame. Nilisimama kweli, kila mtu akageuka kunitazama, na Mama akatikisa kichwa kidogo sana. Nikaketi. Kama ningesema, vijana wangepata mtu wa kumshika, na wa kwetu wangenitetea, na pale pale ingekuwa wao na sisi. Najua alikuwa sahihi. Bado naona ilinipasa kusema.

Mwisho kabisa, watu wameshaanza kuinuka, Abba Dulo akasema atapitisha ng'ombe malka ya chini. Kule ni mbali, na njia ni ya miba. Hakusema kwa hasira. Mtu akikasirika kuna siku hasira itaisha.

Kibuyu bado kiko kwetu.

Jumatatu, 3 Februari

Nimekwenda kwa Injinia. Nimemwambia nataka pale malka tuweke kokoto juu ya ile lami ya moto.

Ameweka kalamu yake chini. Kisha akasema, kwa jina wanaloniita kazini, "Nilikuuliza, Mama Lami."

Basi. Nimeangalia buti zangu.

Amesema mashine ya kumwaga kokoto imeshahamishiwa Garsen, hawezi kuirudisha kwa kipande kidogo. Lakini kuna mapipa ya lami ya maji yaliyobaki, na kokoto zimelala kando ya barabara, nizichukue. Kazi ya mikono, siku isiyo ya kazi. Rola akaniachia mpaka wiki ijayo.

Nilidhani kokoto ni dharau. Mchoro ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Mtu fulani ofisini, ambaye labda hajawahi kuja huku, alipanga kitu kinachofaa kwato, kwa bahati tu au kwa akili, na mimi mwenyeji nikakifuta.

Jumapili, 9 Februari

Sikwenda kanisani. Mama alikwenda peke yake.

Nilidhani nitakuwa na Kahindi tu. Walikuja sita wa kikosi, bila kuambiwa. Mmoja alileta mahamri.

Tulikwangua udongo wote, tukafagia, tukaosha, tukaacha pakauke. Kisha lami ya maji. Ni lami iliyochanganywa na maji, haihitaji moto, unaweza kuimwaga kwa kopo la kumwagilia mboga, na hivyo ndivyo tulivyofanya. Inatoka ikiwa ya kahawia, rangi ya chai ya maziwa. Unaitazama, inaanza kuwa nyeusi pembeni, na hapo ndipo kokoto ziingie. Ukichelewa hazishiki. Tulimwaga kwa koleo, tunarudi kinyumenyume, mgongo unaniuma mpaka sasa. Kahindi akapita na rola polepole. Alipomaliza alinitazama, akauliza kama arudie. Nikamwambia inatosha.

Sasa ni kijivu. Mbaya, kwa macho. Nimetembea juu yake bila viatu na imenichoma nyayo zote mbili. Hapateleziki hata ukitaka.

Mama alipotoka kanisani alisimama pembeni na Biblia yake. Nilidhani atasema kitu. Alisema twende tukale.

Ijumaa, 14 Februari

Kokoto zimeshika. Tumefagia zile zilizolegea ili zisiingie kwenye kwato.

Hawajaja.

Nimemwambia Mama amtume mtu aende kusema njia iko tayari. Mama amesema kibuyu hakitumwi. Aliyekileta ndiye hukifuata.

Saa nne naliona vumbi lao, kule chini. Kila siku saa nne. Nimeacha kuvaa saa.

Mama amepanda tena mahindi. Nimemsaidia jioni. Hatukuzungumza juu ya hilo, tumezungumza juu ya nyani.

Jumanne, 4 Machi

Ramadhani imeanza. Ndugu Waislamu wa kikosi wanafunga na jua hili, na lami inafuka. Nimewapangia kazi ya asubuhi.

Leo nikipita pale malka nimeona mavi mabichi juu ya kokoto. Nilisimamisha pikipiki katikati ya barabara, nikashuka, nikainama kuyatazama kama mtu aliyeokota pesa. Yalikuwa ya punda.

Nimecheka peke yangu. Kisha sikucheka tena.

Nasikia huko malka ya chini ndama wawili wamechomwa macho na miba. Nasikia pia mke wa Abba Dulo anatembea na ng'ombe sasa, kwa sababu njia ni ndefu na mzee miguu inavimba. Hizi habari hakuna anayeniletea. Zinasemwa karibu yangu.

Kibuyu kinaning'inia ukutani, juu ya kitanda cha Mama. Amekiosha. Kila nikiingia nakiona kwanza, kabla sijamwona yeye.

Jumamosi, 22 Machi

Wiki nzima tunaziba mashimo upande wa Garsen. Lami ya baridi, ile ya viraka. Inatoka kwenye mfuko, unajaza shimo, unashindilia, gari linapita saa ile ile. Inafaa mahali ambapo huwezi kufunga njia wala kungoja kitu kikauke. Haidumu kama ile ya kupikwa, lakini ni kazi ya haraka.

Injinia amepewa kazi Bura, barabara za kule kwenye mifereji. Ameniuliza kama nitakwenda naye. Nimesema ndiyo. Nimesema pia kwamba safari hii, kabla ya kalamu nyekundu, twende tukaketi na wenye ng'ombe. Amesema hilo lilikuwa wazo lake pia.

Sijamwambia Mama.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Ya kwanza imenyesha usiku kucha. Asubuhi nimekwenda kuangalia malka. Maji yamepita juu ya kokoto, hayajabandua hata moja. Kwa hiyo ile nusu niliyoiita ukweli nayo haikuwa ukweli.

Nimeketi pembeni nikalia. Nimelia vizuri, kwa sauti, hakuna mtu. Kisha nikaenda kazini.

Alhamisi, 10 Aprili

Abba Dulo amekuja kuchukua kibuyu.

Amekuja mwenyewe, asubuhi, na fimbo yake na bakora nyingine ya kuegemea. Amezeeka tangu Januari. Mama amemwekea kigoda, amempa chai. Wameulizana habari za watu wote, za mvua, za mto. Mama alikuwa ameshajaza mchele tangu mvua ilipoanza, ule mpya wenye harufu. Amekifunga mdomo kwa jani la mgomba.

Nimemsalimu. Nimekaa chini, kwenye mkeka. Nimemwambia, Abba Dulo, ile lami niliiomba mimi. Nilitaka kwetu pawe pazuri. Sikukuuliza wewe.

Amesema anajua. Amesema amepita pale akija, amepapiga kwa fimbo, amepakanyaga.

"Hii mawe mzuri," akasema. "Mguu nashika. Lakini ng'ombe ile naona Buree naanguka, hiyo hapana pita tena. Mimi nasukuma, hapana. Nakumbuka." Akanywa chai. "Ngoja ndama ile nazaliwa. Ile hapana jua kitu. Hiyo tapita."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama jambo lililokwisha kupangwa.

Alipoondoka nilimbebea kibuyu mpaka barabarani. Alikichukua, akakiweka begani, akashuka bondeni. Hakupita juu ya lami. Alizunguka pembeni, kwenye tope, kwa mazoea ya miezi hii. Nimemtazama mpaka akaingia majanini.

Wiki ijayo naenda Bura. Nimemwambia Mama leo. Amesema nichukue shuka zito, kule kuna mbu.

Nimemuuliza ndama huchukua muda gani mpaka awe wa kuongoza wenzake. Amesema inategemea mvua. Kisha akaendelea kupepeta mchele.